Fundi Bomba Aliyekuja Kuzibua Chakula Changu

Mimi ni mtu wa wali. Nikirudi kazini jioni nimechoka mpaka kope, sina nguvu ya kukatakata vitunguu wala subira ya kuzibembeleza nyanya ziive. Nabandika wali, na wakati unakauka nakoroga sosi yangu kwenye kikombe: kijiko kikubwa cha miso (rojo ya soya ya Kijapani), kijiko kidogo cha siki, sukari kiduchu, tangawizi ya kukwaruza, matone ya mafuta ya ufuta na maji ya moto ya kulainishia. Dakika tano, tena hapo nimeshasimama kidogo kusoma ujumbe wa simu. Namwagia kwenye wali, natupia yai la kukaanga na majani yoyote ambayo friji haijayaua bado. Nakula. Wanaosema kupika ni mapenzi hawajawahi kuingia nyumbani saa mbili usiku.

Dakika tano hizo ni za kujidai tu, maana kazi yenyewe ilishafanywa na mtu mwingine zamani. Miso ni soya, chumvi na koji, yaani mchele, shayiri au soya yenyewe iliyooteshwa kuvu aitwaye Aspergillus oryzae. Miso nyeupe huiva kwa wiki au miezi michache, nyekundu hukaa mwaka na zaidi. Ile ya Hatcho, inayotengenezwa Okazaki huko Japani, hukandamizwa kwenye mapipa makubwa kwa rundo la mawe kwa zaidi ya miaka miwili. Mtu amelinda pipa miaka miwili, mimi nakuja na kijiko natangaza kwamba nimepika.

Sasa, uzuri wa miso ni adabu yake. Huipiki kwa fujo. Unaiweka mwishoni, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu ukiichemsha ile harufu yake nzuri inaondoka na mvuke. Ndiyo maana muda wote huo nimekula kwangu kwa amani, na hakuna jirani aliyewahi kuuliza nakula nini.

Halafu nikapata kopo la doenjang.

Doenjang ni rojo ya soya ya Korea, na ukoo wake ni mwingine kabisa. Soya huchemshwa, hutwangwa, hufinyangwa vipande vikubwa viitwavyo meju, vikafungwa kwa majani makavu ya mpunga na kutundikwa vikauke. Humo kwenye majani na hewani ndimo wanamotoka bakteria wenye kazi, hasa Bacillus subtilis. Kisha vipande hutumbukizwa kwenye mitungi ya maji ya chumvi kwa wiki kadhaa. Maji yakichujwa ndiyo sosi nyeusi ya soya, na makapi yaliyobaki hukandwa, yakaachwa tena miezi kadhaa yazidi kuiva. Makapi hayo ndiyo doenjang. Tena haiogopi moto. Wakorea huichemsha kwenye supu ikafika mezani bado inatokota.

Lebo ya kopo ilinieleza yote hayo. Kuhusu harufu ikikutana na mafuta ya moto, lebo ilinyamaza.

Ilikuwa jioni ya mvua, madirisha nimeyafunga. Nikakaanga kitunguu saumu, nikatia vijiko viwili vya doenjang kwenye mafuta, ikalia chwaaa, nikaikoroga mpaka ikageuka rangi ya udongo mwekundu uliolowa. Nikaongeza maji, nikaacha itokote. Mwanzoni nilisikia harufu nzito, nikajiambia, eh, hiki ni chakula cha watu wazima. Baada ya muda sikuisikia tena. Pua ndivyo ilivyo: ikikaa na harufu dakika kadhaa, inaizoea na kuacha kukusumbua. Inawasumbua wengine.

Mlango ukagongwa. Ni mama wa ghorofa ya chini, kajifunga khanga mbili, moja kiunoni, nyingine puani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwanangu, choo chako kimefurika?"

"Hapana, Mama. Kizima kabisa."

Akanitazama, akatazama sakafu nyuma yangu kuona kama kuna maji. "Basi ni cha huyo wa juu yako," akasema, akapanda ngazi akiwa na hasira zake zote.

Nikarudi jikoni kukoroga. Haukupita muda nikasikia kikao kinaendelea kwenye ngazi, nikatoka, maana mimi pia ni mpangaji na mambo ya jengo yananihusu. Nikamkuta kijana wa juu yangu na taulo shingoni, anaapa kwamba choo chake hakina tatizo, na kwamba huu ni uvundo wa panya aliyefia kwenye bomba la hewa. Mzee wa mlango wa pili naye alikuwa na tochi. Kwa nini tochi, wakati taa zinawaka, sijui, lakini ilimpa mamlaka.

"Hii si panya," akasema mzee. "Hii ni gesi ya shimo la maji machafu. Gesi hiyo inalipuka. Pasiwe na mtu yeyote mwenye moto!"

Moto! Nikarudi ndani mbio, nikazima jiko na kufunika sufuria, yote kwa ajili ya usalama wa umma. Nilipotoka, mzee alikuwa ameinua pua juu.

"Mnaona? Imepungua. Gesi imeanza kupanda angani."

Tukafurahi wote. Ila mimi nilikuwa na njaa. Nikaingia tena, nikafunua kuangalia kama sosi imekuwa nzito ya kutosha kushika wali. Kule nje nikasikia: "Imerudi! Imerudi!" Nikafunika haraka nikaangalie kulikoni. Imepungua. Nikaja kufunua tena nionje chumvi. Kelele. Mama wa chini akasema hayo si maji machafu tena, kuna kitu kinapumua ndani ya jengo hili, na kwamba yeye tangu zamani alikuwa akisema. Mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wenzangu, bakuli langu la wali mtupu mkononi. Tena mimi ndiye niliyeshauri kwamba mwenye nyumba apigiwe simu.

Mwenye nyumba hakuja, akatuma fundi bomba. Mtu mwembamba, mtaratibu, mkoba begani umejaa spana, na waya mrefu wa kuzibulia kauviringisha mkononi. Hakusalimia maneno mengi. Alianza kazi chini kabisa, akafunua mfuniko wa shimo la nje huku mzee akimmulikia. Shimo halikuwa na kosa. Akaenda kwa mama wa chini, akafungua bomba la sinki, akatoa hereni ya dhahabu iliyokuwa imepotea siku nyingi na ambayo, kwa maelezo ya mama mwenyewe, mdogo wa mumewe ndiye aliyesingiziwa. Hapo kikao kikasimama kidogo ili mama apige simu ya kuomba radhi. Kisha tukaendelea.

Zamu yangu ikafika. Fundi akaingia, akachuchumaa chini ya sinki, akaweka ndoo. Majirani wakajaa mlangoni. Akashika ile kona ya bomba inayobaki na maji, akaizungusha kwa spana mara ya kwanza ikagoma, mara ya pili ikalia, ikaachia. Maji meusi yakashuka kwenye ndoo pamoja na punje za wali, uzi wa soksi na kifuniko cha chupa ya siki. Fundi akainamia ndoo, akanusa. Watu wakashika pumzi.

"Hapa pazima," akasema.

Akaanza kuinuka. Alipofika nusu, kichwa chake kikawa sawasawa na jiko, akaganda hapohapo. Pua ikacheza. Akageuka polepole, akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Kaka, kile nini?"

"Chakula."

"Cha nani?"

"Changu."

Akaweka ncha ya spana kwenye kishikio cha mfuniko, akanyanyua kwa mbali namna mtu anavyofukua nyoka. Mvuke ukapanda. Mlangoni watu wakarudi nyuma kwa pamoja wakakanyagana, tochi ikaanguka.

"Mungu wangu!" akalia mama wa chini. "Tunatafuta choo nyumba nzima, kumbe kinapikwa!"

Nilijitetea, lazima. Nikawaambia kwamba hii ni soya tupu, imechachushwa na bakteria wastaarabu, na kwamba harufu inatokana na protini zinapovunjwavunjwa, ambapo hutoka amonia kidogo na asidi ambazo baadhi yake ndizo pia hunukisha soksi zilizovaliwa. Kipengele cha soksi nilipaswa kukiruka. Nikaona hali inazidi kuwa mbaya, nikatoa karata ya mwisho: kwamba Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa Korea wa kutengeneza hizi rojo kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Mzee akaokota tochi yake. "UNESCO walikinusa?"

Swali halikuwa na jibu. Aliyeniokoa ni fundi. Alikuwa bado ameinamia sufuria, na uso wake umebadilika, ule uso wa mtu aliyekumbuka kwamba hajala tangu asubuhi.

"Mimi siwezi kumpelekea mwenye nyumba taarifa bila kuhakikisha chanzo," akasema. "Nipe kijiko."

Akaonja kwenye ncha ya ulimi. Akanyamaza. Akaonja tena, safari hii kijiko kizima.

"Wali uko wapi?"

Nikampakulia. Wali, sosi juu, yai, ufuta kidogo. Akanawa mikono kwenye karai, maana sinki tulikuwa hatuna tena, akakalia mkoba wake wa spana, akala kwa utulivu mbele ya hadhara. Katikati akauliza nimetia nyama gani. Nikamwambia hamna nyama. Akakataa. Ikabidi nimweleze habari ya Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, ambaye mwaka 1908 alitenga glutamati kutoka kwenye mwani wa bahari na kuonyesha kwamba ndiyo inayoleta ile ladha nzito ya kinyamanyama, na kwamba soya ikichachuka, protini zake hukatika na kuiachia glutamati hiyohiyo.

Fundi akatafuna, akafikiri. "Kwa hiyo kimeoza kwa mpango."

Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri kuliko hapo.

Kijana wa taulo akasogea, akapewa kijiko, akasema si mbaya ukiziba pua, akaziba pua, akamaliza bakuli. Mzee alionja kwa niaba ya usalama wa jengo. Mama wa chini alikataa katakata, akasema yeye ana presha, na hapo sikumbishia hata kidogo, maana vitu hivi vina chumvi kweli. Miso nyekundu yenyewe hukaribia gramu 12 za chumvi katika kila gramu 100, na doenjang nayo iko mitaa hiyohiyo. Ndiyo maana bakuli moja la wali linahitaji kijiko kimoja tu, na chumvi nyingine isiguswe. Mimi usiku ule nilikuwa nimetia viwili kwa tamaa, na fundi alikunywa maji mpaka nikaanza kumhurumia.

Kikao kiliamua, bila kupiga kura, kwamba doenjang isikaangwe tena madirisha yakiwa yamefungwa. Ninaheshimu. Siku za mvua sasa naikoroga mbichi: kijiko cha doenjang, nusu kijiko cha gochujang, ile rojo nyekundu ya pilipili, mchele wa kunata na unga wa meju, halafu asali, kitunguu saumu kilichopondwa, mafuta ya ufuta. Wakorea wanayo ya aina hiyo, wanaiita ssamjang. Haigusi moto, kwa hiyo haitoki nje ya bakuli, na kwa maoni yangu juu ya wali wa moto inaishinda ile ya kukaanga, ingawa mbele ya kijana wa juu sisemi hivyo. Yeye huja na pua yake ameiziba tayari, anataka ile ya kukaanga.

Kesho yake mchana mwenye nyumba akanipigia. Sauti ya mtu mwenye karatasi mkononi.

"Naangalia taarifa ya fundi hapa. Shimo la nje, zima. Sinki ya chini, hereni moja imetolewa. Sinki yako, zima. Halafu mwisho kabisa ameandika, 'Tatizo limeliwa.' Huyu alitaka kuandika limetatuliwa, au?"

Nikamwambia hapana, fundi ameandika sawasawa.

Akanyamaza kidogo. "Na hapa pembeni ameandika jina la kitu, d-o-e-n, sijui nini, 'kopo moja.' Hiki ni kifaa gani? Nikinunue?"

"Kinunue," nikasema. "Nunua makopo mawili."