Kifuniko Kimoja Tu

Mimi ni fundi viatu hapa Kayole, Nairobi, na huu ni mwaka wa tatu naketi hatua tano kutoka kwa shimo. Ni shimo la maji taka. Kifuniko chake cha chuma kiliondoka usiku mmoja, nadhani kikaenda kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, bila kuaga. Nisiwe mnafiki: visigino vinavyovunjikia pale vimenilisha. Lakini siku moja aliingia mtoto wa shule, akatolewa akiwa na kiatu kimoja, na mama yake akaniangalia kana kwamba shimo nimelichimba mimi. Nikasema basi, hili nalipeleka kwenye bajeti.

Shida ni kujua bajeti inajadiliwa lini. Sheria iko wazi: Katiba ya 2010 inataka mwananchi ashirikishwe pesa za umma zinapopangwa, na kwa kuwa mwaka wa serikali unaanza Julai 1, makadirio yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Tangazo mimi nililisoma likiwa limefunga mandazi. Mafuta yalikuwa yamekula jina la ukumbi, lakini tarehe ilionekana vizuri sana: jana, saa tatu asubuhi.

Mwaka uliofuata nikamwomba mama wa mandazi anifungie kwa gazeti la siku hiyo hiyo. Ndivyo nilivyofika.

Tulitia sahihi mara tatu: ya kuingia, ya soda, ya kutoka. Ya kutoka tulitia tukiingia. Karani akatueleza kwamba jiji lina watu 4,397,073 kwa hesabu ya sensa ya 2019, kaunti ndogo 17, wadi 85, kwa hivyo tusidhani shimo ni letu peke yetu. Akasema pia sheria inataka pesa za maendeleo zisipungue asilimia 30. Zinazobaki ni za matumizi ya kawaida, kama mishahara na mafuta ya magari. Mzee aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, soda tuliyotilia sahihi ni maendeleo au matumizi ya kawaida? Nikamwambia ikifika tutajua.

Zamu yangu ikaja, dakika mbili. Nikasema, "Naomba kifuniko."

Karani akaandika, kisha akanisomea: "Kuimarisha miundombinu ya maji taka kwa usalama wa watumiaji wa barabara."

"Hapana, bwana. Kifuniko. Kile cha mviringo." Nikamchorea kwa mikono.

Akaongeza: "Awamu ya kwanza."

Nyumbani nikamtangazia mama watoto kwamba tangu leo asilimia 30 ya mapato yetu ni ya maendeleo. Hakubishana. Akatoa daftari: kodi ya nyumba, unga, tokeni za stima, maji ya mitungi ya lita 20 kwa sababu mfereji wetu unatoa upepo tu, na deni la duka, ambalo sasa lina kurasa zake. Akajumlisha. Maendeleo yakawa yanadaiwa. Halafu akauliza mguu wa nne wa kochi, ambao umekuwa tofali tangu tuhamie, uko kwenye bajeti ya mwaka gani. Nikajibu, awamu ya pili. Kaunti zina Msimamizi wa Bajeti, na bila idhini yake pesa hazitoki. Wangu anashika mwiko, na usiku huo ugali haukuidhinishwa.

Juni ikiwa karibu kuisha, lori likaja mbio na ndoo za rangi. Vijana wakapaka mawe ya kando ya barabara, jeupe, jeusi, jeupe, jeusi, mpaka ukingoni mwa shimo. Wakaliruka, wakaendelea ng'ambo ya pili. Kusema kweli kazi ilikuwa safi. Ukitumbukia sasa, unatumbukia mahali palipopakwa rangi.

Kijana mmoja wa boda boda ndiye aliyetusaidia. Alichomeka tawi shimoni, ile alama yetu ya hatari ambayo kila dereva wa Nairobi anaielewa. Novemba mvua ikanyesha, na mle ndani kuna mbolea ambayo mkulima yeyote angeitamani. Tawi likachipua. Sasa lina majani, lina kivuli, wateja wangu wanaketi chini yake wakisubiri soli zikauke.

Jumatatu akapita jamaa mwenye fulana ya manjano na kitabu cha risiti. Akautazama mti, akanitazama mimi.

"Fundi, huu umepandwa kwa kibali cha nani?"