Andiko la Horizon Europe lianzie kwenye mgawanyo wa kazi

Siku ya mwisho ya kuwasilisha maandiko ya Horizon Europe, yaani maombi ya fedha za utafiti za Umoja wa Ulaya, inapokaribia, ofisi za utafiti za vyuo vya Ulaya hukesha. Barua pepe hupishana kati ya Lisbon na Helsinki, mbia wa mwisho anatafutwa, na mratibu wa mradi bado anasuka kurasa za mwanzo: ukubwa wa tatizo, upya wa wazo, namna teknolojia itakavyobadilisha maisha ya watu. Jedwali linaloonyesha nani atafanya nini, kwa miezi mingapi na kwa fedha kiasi gani hujazwa mwishoni kabisa, watu wakiwa wamechoka. Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti kuandaa maandiko ya aina hii, na nasema bila kusita kwamba utaratibu huo umekaa kinyume. Jedwali lije kwanza. Maneno mazuri yatafuata, tena yataandikika kwa urahisi zaidi.

Horizon Europe ndiyo programu kuu ya Umoja wa Ulaya ya kugharamia utafiti kwa miaka ya 2021 hadi 2027, na ilianza na bajeti ya takriban euro bilioni 95.5. Ni fedha nyingi, lakini wanaozitaka ni wengi kuliko fedha zenyewe. Katika programu iliyoitangulia, Horizon 2020, maandiko yaliyofanikiwa yalikuwa takriban 12 kati ya kila 100. Maana yake kazi kubwa ya kuandika inayofanyika barani humo huishia kwenye makabati, na ni kazi ya watu wenye wanafunzi wa kufundisha na maabara za kuendesha. Ndiyo maana naona ni haki kuwa mkali kuhusu namna muda huo unavyotumika.

Masharti ya msingi yanaeleweka upesi. Mradi wa ushirikiano unahitaji angalau taasisi tatu zinazojitegemea, kutoka nchi tatu tofauti ambazo ni wanachama wa Umoja wa Ulaya au zimejiunga rasmi na programu, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama. Uingereza, baada ya kutoka kwenye Umoja, ilirudi kwenye programu kama nchi iliyojiunga kuanzia Januari 1, 2024. Andiko lina sehemu mbili: fomu za kujazwa kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya, na maelezo ya kisayansi yanayopakiwa kama waraka. Maelezo hayo yana ukomo wa kurasa. Wakati wa Horizon 2020 mradi wa kawaida uliruhusiwa kurasa 70. Horizon Europe ilipoanza zikashushwa hadi 45. Ukizidisha, mfumo unazificha kurasa za ziada, na mtathmini hazioni kabisa.

Watathmini, ambao ni wataalamu wa nje wasiopungua watatu kwa kila andiko, hutoa alama kwa vigezo vitatu: ubora wa sayansi, athari zitakazopatikana, na ubora wa utekelezaji. Kila kigezo kina alama 5. Kwa kawaida ukipata chini ya 3 kwenye kimoja, au chini ya 10 kwa jumla, umetoka. Katika mradi wa utafiti utekelezaji una uzito uleule wa alama ilio nao sayansi. Profesa aliyetumia miaka yake yote kujenga wazo hupenda kudhani kwamba wazo litajibeba lenyewe. Halijibebi. Watathmini wanaagizwa kulipima andiko kama lilivyo. Hawaruhusiwi kusema "lingefaa kama wangerekebisha hapa", na hakuna mazungumzo ya baadaye ya kuliboresha. Bajeti isiyolingana na kazi hukatwa alama palepale, na katika foleni ya maandiko yenye alama 13 na 14, nusu alama hutosha kumnyima mtu mradi.

Lakini sababu kubwa inayonifanya nilitetee jedwali si alama. Ni kwamba jedwali huwalazimisha wabia kuambiana ukweli mapema.

Chukua mradi wa kubuni vihisi vya bei nafuu vya kupima ubora wa maji. Kuna chuo cha Uholanzi chenye wataalamu wa kemia, kampuni ndogo ya Ureno inayotengeneza vifaa vya elektroniki, taasisi ya Finland inayochakata data, na chuo cha Dar es Salaam ambako vihisi vitajaribiwa kwenye visima vya mitaani. Kwenye kurasa za utangulizi wote wanakubaliana, kwa sababu hakuna anayepinga maji safi. Waweke mbele ya jedwali uone. Nani atatengeneza vihisi 200 vya majaribio, na kufikia mwezi wa ngapi? Kampuni ya Ureno ilidhani ni 20. Nani ana kibali cha kuchukua sampuli? Finland walidhani data itawafikia ikiwa imesafishwa, Dar es Salaam walidhani kuisafisha ni kazi ya Finland. Mtafiti wa Uholanzi aliyeandikiwa miezi 24 ya kazi tayari ana mradi mwingine unaomla nusu ya muda. Maswali haya yakijibiwa miezi mitatu kabla, yanatengeneza mradi. Yakiachwa hadi wiki ya mwisho yanafunikwa kwa sentensi laini, halafu yanafumuka mwaka wa pili wa mradi, fedha zikiwa zimeshatumika na watu wameshaajiriwa.

Kwenye fedha pia kuna mambo ambayo mbia mdogo anapaswa kuyajua tangu siku ya kwanza. Katika miradi ya utafiti Umoja wa Ulaya hulipa hadi asilimia 100 ya gharama zinazokubalika. Katika miradi ya ubunifu, ile iliyo karibu na soko, kampuni ya biashara hulipwa hadi asilimia 70 tu, hivyo ni lazima ijue asilimia 30 inayobaki itatoka wapi. Juu ya gharama za moja kwa moja huongezwa asilimia 25 kwa ajili ya umeme, ofisi, uhasibu na mengineyo ya uendeshaji, isipokuwa kwa kazi zilizotolewa kwa wakandarasi. Siku hizi miradi mingi hulipwa kwa mkupuo: kiasi kinapangwa mapema kwa kila fungu la kazi, yaani sehemu ya mradi yenye majukumu yake, na fedha za fungu hilo hutolewa likikamilika. Hakuna tena kupeleka karatasi za saa za kazi kwa mkaguzi. Ni nafuu kubwa, lakini fungu la kazi lililopangwa ovyo, lenye mambo saba yanayomtegemea mbia mmoja mzembe, linaweza kuzuia malipo ya kila aliyemo ndani yake.

Sasa niseme linalonigusa zaidi.

Taasisi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zina haki ya kupata fedha za Horizon Europe moja kwa moja, kwa kuwa nchi hizo zimo kwenye orodha ya nchi za kipato cha chini na cha kati ambazo programu inazigharamia. Hazihesabiwi katika zile taasisi tatu za lazima, ila zikishakuwa ndani zinalipwa kama wabia wengine. Tume pia ina mfululizo wa miito, yaani matangazo ya kualika maandiko, iliyoandaliwa mahususi kwa ushirikiano na Afrika. Kwa hiyo barua za mialiko zinakuja. Nazifahamu barua hizo: zina adabu, zina sifa nyingi, na mara nyingi hufika wakati kila kitu kimeshagawanywa. Mtafiti wa Afrika anaombwa kutuma maelezo mafupi ya taasisi yake na namba yake ya usajili kwenye mfumo wa Tume. Anawekwa kwenye fungu la mwisho, lile la kusambaza matokeo na kuendesha warsha. Tatizo la utafiti linatoka mtaani kwake, lakini swali la utafiti limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika huko.

Waswahili husema mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Ningependa watafiti wetu walitumie neno hilo kwa ujasiri. Pokea barua, shukuru, kisha uliza: naongoza fungu gani la kazi? Watu wangu wamepewa miezi mingapi ya kazi? Naweza kuona rasimu nzima na bajeti yote, siyo mstari wangu peke yake? Mratibu mwenye nia njema atajibu siku hiyohiyo, tena kwa furaha, maana amepata mbia anayejua anachokifanya. Anayejibu kwamba "hayo tutayapanga baadaye" ameshakupa jibu.

Na ukiiona bajeti, usiipime kwa euro tu. Horizon Europe hulipa mishahara kulingana na gharama halisi ya mwajiri. Mwezi mmoja wa mtafiti wa Copenhagen una gharama kubwa kuliko mwezi mmoja wa mtafiti wa Dodoma, kwa hiyo chuo cha Tanzania kinaweza kubeba robo ya kazi yote huku mstari wake wa bajeti ukionekana mwembamba. Hilo lina hatari zake. Wapo wanaoangalia wembamba ule na kuhitimisha kwamba mchango ni mdogo, na wapo waratibu wanaopunguza hata kile kidogo ili wafunge hesabu. Miezi ya kazi ndiyo inayoonyesha nani anafanya utafiti. Ukikuta chuo chako kimepewa miezi minne katika mradi wa miaka minne, jua umealikwa kupamba ukurasa.

Baadhi ya wenzangu wa Ulaya hunijibu kwamba kuwaingiza wabia wa mbali mapema kunachelewesha uandishi. Ni kweli, mikutano inaongezeka, intaneti inakatika, na utawala wa vyuo vyetu unaweza kukaa na barua ya sahihi mpaka watu wakate tamaa. Hata hivyo, andiko linaloahidi majaribio kwenye visima vya Dar es Salaam bila mtu wa Dar es Salaam kusema kipindi gani cha mvua visima hufurika, limeahidi jambo ambalo hakuna aliyelikagua. Mtathmini makini hulinusa hilo.

Kuhusu lugha nitasema machache. Andiko linaweza kuwasilishwa kwa lugha yoyote kati ya lugha 24 rasmi za Umoja, ila karibu kila mtu huandika Kiingereza, na kila mtu sasa ana programu ya akili bandia ya kumlainishia sentensi. Matokeo yake ni kwamba maandiko yote yanasomeka vizuri na yanafanana. Kinachobaki kuyatofautisha ni yale ambayo programu haiwezi kuyajua: makubaliano ya kweli kati ya watu, tarehe walizozijadili, kifaa ambacho tayari kipo maabara. Tukirudi kwenye vihisi vyetu, sentensi inayosema "vihisi 200 vitafungwa kwenye visima kufikia mwezi wa 18, na chuo cha Dar es Salaam kitavihudumia kwa miezi 12" inamshawishi msomaji kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Wasilisheni mapema pia. Mfumo hufungwa saa 11:00 jioni kwa saa za Brussels, ambayo Nairobi ni saa 12:00 jioni majira ya kiangazi cha Ulaya na saa 1:00 usiku majira ya baridi. Kabla ya hapo unaweza kupakia toleo jipya kila unapotaka na la mwisho ndilo linalohesabiwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri dakika za lala salama.

Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza programu itakayofuata, ya 2028 hadi 2034, iwe na euro bilioni 175. Kiasi chochote kitakachopitishwa, vikundi vinavyofanikiwa kwenye miito ya kwanza kwa kawaida huwa vimefahamiana kabla miito haijatangazwa. Kwa hiyo mtafiti wa Morogoro au Kisumu anayetaka kuwamo asingoje barua. Amwandikie profesa wa Ulaya ambaye kazi zake anazisoma, na aambatanishe ukurasa mmoja unaotaja swali analotaka kulijibu, fungu la kazi analoweza kuliongoza, watu alionao na miezi watakayoihitaji.