Kipimo cha Pili: Skana ya Leza na Majengo Yetu ya Kale

Kila skana ya leza, chombo kinachopima jengo kwa mwali wa mwanga, inapotajwa katika mazungumzo ya urithi hapa Nairobi, swali huwa lile lile: hizo pesa si zingeziba paa kwanza? Ni swali la haki. Jengo linalovuja halipati nafuu kwa kuwekwa kwenye kompyuta. Wapo pia wanaohofia kwamba mwenye kiwanja atasema jengo limeshahifadhiwa kwa skana, kisha alete tingatinga. Katika jiji ambalo kiwanja cha katikati kina bei kuliko nyumba iliyo juu yake, hofu hiyo si ya bure.

Hata hivyo, naona leza inahukumiwa kwa kazi isiyo yake. Watu wameizoea kama kumbukumbu ya marehemu, na mfano wa Kasubi, Kampala, umechangia. Makaburi yale yalipimwa kwa leza 2009 kupitia shirika la CyArk. Machi 2010 moto ukateketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu walimozikwa makabaka (wafalme wa Buganda) wanne. Vipimo vilibaki. Lakini kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ustadi wa mikono hauingii kwenye skana. UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, miaka 13 baada ya moto. Anayesema leza haikuijenga Kasubi anasema kweli.

Sasa tazama chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mwali hugonga ukuta na kurudi, na kutokana na safari hiyo umbali hujulikana. Hupatikana maelfu kwa maelfu ya nukta kila sekunde, kila moja na mahali pake, kwa usahihi wa milimita chache. Rudi baada ya miaka miwili, pima tena, ulinganishe. Ukuta uliosogea milimita 10 jicho la fundi haliuoni. Vipimo viwili vitauonyesha. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: uzito wa siku moja hausemi mengi, mstari wa miezi ndio unaomshtua muuguzi.

Hapo ndipo mawazo yangu hurudi kila mara. Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe unaoliwa na mawimbi. Huko Gedi, magofu ya mji wa kale wa pwani yaliyoingia orodha ya urithi wa dunia 2024, mizizi ya miti hupenya kuta za matumbawe na chokaa. Uharibifu wa namna hii huenda polepole mno hata mlinzi anayepita hapo kila siku asiuone. Ukishajua ukuta upi unasogea, unajua pia chokaa kidogo ulichonacho kiende wapi. Kwa hiyo yule anayeuliza kuhusu paa ndiye hasa anayehitaji vipimo hivi.

Gharama nazo hutiwa chumvi. Masoveya wa Nairobi wanazitumia skana hizi kwenye barabara na majengo mapya, na Kasarani kipo kituo cha kanda cha RCMRD, kilichoanzishwa 1975, kinachofundisha mambo ya ramani na upimaji. Majengo ya Nairobi kama Kipande House ya 1913 au maktaba ya McMillan ya 1931 hayahitaji msafara kutoka ng'ambo.

Kwenye umiliki wa data, wapinzani wana hoja nzito, na sitaipunguza. Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, umepima Lamu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kazi ya kupigiwa mfano. Lakini faili lililo mbali halimsaidii fundi wa Lamu, na programu hupitwa na wakati upesi kuliko jiwe. Nakala ikae Makumbusho ya Taifa, katika muundo usiofungwa na kampuni moja. Na kwa kuwa sheria ya urithi ya 2006 inalinda jengo lenyewe, skana isikubaliwe kamwe kuwa kibali cha kubomoa. Mkataba wa skana usio na tarehe ya kipimo cha pili, wala jina la atakayekilipia, usitiwe saini.