Nani Anatangulia, Pesa au Mzigo?

Tangu nihamie Hamburg, ndugu zangu wa Dar na Tanga wameniteua kuwa mkaguzi wa intaneti. Mtu akiona friji inauzwa Instagram kwa nusu bei, ananitumia: "Kaka, hebu tuangalizie, hawa ni wa kweli?" Kana kwamba kuishi Ujerumani kunampa mtu pua ya kunusa matapeli. Na swali linalofuata huwa ni lile lile: huko mnanunuaje vitu mtandaoni bila wasiwasi, ina maana Wazungu ni waaminifu hivyo?

Hapana. Wazungu si waaminifu kuliko sisi. Huku mambo yamepangwa tu ili mwenye duka atangulie.

Ukiagiza viatu kwenye duka la mtandaoni la Kijerumani, mara nyingi unaruhusiwa kulipa kwa ankara. Viatu vinafika, unavijaribu, unatembea navyo sebuleni mbele ya kioo, malipo utafanya baadaye. Usipovipenda, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa siku 14 za kubatilisha ununuzi bila kumweleza mtu sababu. Zalando, kampuni iliyoanzia Berlin mwaka 2008, ilijijengea jina kwa kurahisisha kurudisha mzigo. Hata hivyo, muuzaji hakuamini kwa sababu una sura nzuri. Ana jina lako na anwani yako. Usipolipa zinaanza barua za kukumbusha, zinafuata kampuni za kudai madeni, na mwisho wa safari jina lako linaweza kuchafuka Schufa, kampuni inayoweka kumbukumbu za walipaji na wasiolipa. Ukichafuka huko, hata chumba cha kupanga utakitafuta kwa tabu. Kwa hiyo anakutumia viatu akijua atakupata.

Nawe pia utampata. Kila tovuti ya biashara hapa inatakiwa iwe na sehemu inayoitwa Impressum, yenye jina la mwenye biashara, barua pepe, na anwani ya mahali anapopatikana. Sanduku la posta halitoshi. Bei lazima iandikwe, kodi ikiwa ndani. Mtu maarufu akilipwa kusifia krimu, anatakiwa aandike kwamba hilo ni tangazo.

Sasa njoo Kariakoo. Ukurasa una picha safi, wafuasi kibao, na chini ya kila picha: "Bei njoo DM." Ukienda huko DM unajibiwa baada ya saa tatu, na bei unayopewa inategemea picha yako ya wasifu. Mahali ni "Mtaa wa Aggrey", basi, kama vile Aggrey ni kibanda kimoja. Ukiwa Singida unaambiwa, "Tuma hela mpendwa, mzigo unapanda basi leo." Namba ni ya mtu binafsi. Jamaa akishafika kwa wakala akatoa, hadithi imeisha. Mnunuzi ndiye aliyetangulia, na ametangulia gizani.

Mjerumani akiambiwa alipe kwanza, na hakuna njia nyingine ya malipo, anashtuka. Vituo vyao vya kutetea walaji vinaitaja hiyo kuwa dalili mojawapo ya duka feki, na vimetengeneza hadi zana ya kukagua: unabandika anwani ya tovuti, inakuambia kama kuna mashaka. Maana yake maduka feki huku yapo, tena mengi. Matapeli wa Ulaya nao wanaandika Impressum ya uongo kwa Kijerumani fasaha. Tofauti ni kwamba huku kulipa kwanza bila kinga ni jambo la kutiliwa shaka, kwetu ndiyo desturi ya kila siku.

Tena desturi hiyo haikuanza na ujinga. Mama yangu mdogo, pale Tanga, ananunua vitenge kwa njia ya grupu la WhatsApp. Anatuma pesa kabla ya mzigo na hajawahi kudhulumiwa. Muuzaji anajulikana, mama yake muuzaji anajulikana, na wanawake wa lile grupu ndio hao hao wa kikoba na wa kwenye misiba. Akimla mmoja pesa, atakwenda wapi? Hii ni Schufa kamili, ila haina kompyuta. Tatizo linaanza pale mtindo huo huo unapobebwa kwenda Instagram kwa mtu mwenye wafuasi milioni mbili. Anaongea nasi kwa sauti ile ile ya ndugu, "wapenzi wangu", "familia yangu", tunaona anaamka, anakula, anafiwa, tunalia naye. Jumatatu anasifia losheni, Jumanne mkeka wa kubeti, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba amelipwa. Tunampa imani ya mtu wa kwenye kikoba wakati hatatuona hata siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa usalama wa mtandao hulipita haraka: kushuku kunakula bando. Huku kwangu intaneti ya nyumbani haipimwi. Nikimtilia mtu shaka nafungua kurasa kumi, nasoma maoni ya wateja, nalinganisha bei, natafuta anwani kwenye ramani. Mdogo wangu amenunua kifurushi cha mitandao ya kijamii tu. Kutoka nje ya Instagram kwenda kuchunguza ni gharama nyingine, na usiku huo salio limebaki la kutuma pesa. Basi anachunguza kwa alichonacho, yaani idadi ya wafuasi, komenti za chini, na skrinishoti za "wateja wetu walioridhika". Vyote vitatu vinanunulika.

Nisije nikaonekana ninausifu uangalifu wa Wajerumani. Jirani yangu anasoma kila neno kwenye kopo la mtindi, lakini tovuti ikimwuliza kuhusu vidakuzi, zile "cookies" za kufuatilia anachofanya mtandaoni, anabonyeza "Kubali vyote" hata kabla sentensi haijatokea vizuri. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni ya Planet49, kwamba kisanduku kilichotiwa tiki tayari si ridhaa. Uamuzi mzuri. Wauzaji wakaiheshimu sheria kwa kutuchosha: kitufe cha kukubali kikubwa na cha kijani, cha kukataa kimefichwa hatua mbili ndani. Kisha likaja gurudumu la bahati na saa inayohesabu kurudi nyuma, "bei hii inaisha baada ya dakika nne". Mwaka 2024 shirikisho la vyama vya walaji la Ujerumani lilionya rasmi Temu, duka la mtandaoni la Kichina, kwa mbinu za aina hii. Umakini wa watu huku unachimbwa kutwa nzima. Ila mtu akivutika akanunua upuuzi, bado ana zile siku 14.

Na pia tusijidharau kwa kila kitu. Oktoba 2025 ndipo benki za nchi zinazotumia yuro zilipolazimika kulinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla pesa haijatoka. Kwetu jina limekuwa likitokea kwenye simu kabla hujabonyeza namba ya siri, na hatukumwona Mzungu akija kujifunza. Matapeli wakalizunguka nalo: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Ujumbe huu haujui chochote kukuhusu. Unafanya kazi kwa sababu katika nchi yetu kila saa kuna mtu ambaye kweli alikuwa anakaribia kumtumia mwenye nyumba kodi, au fundi hela ya saruji.

Ndiyo maana nachoka ninaposikia waliotapeliwa wakiambiwa ni tamaa yao. Aliyetuma kodi ana tamaa gani? Tunaambiwa tuwe makini na tuipeleke meseji ya kitapeli kwenye namba 15040, na ni sawa, tuipeleke. Lakini laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. TRA inawataka wauzaji wa mtandaoni wawe na TIN, na ikimhitaji mtu kwa kodi inajua pa kuanzia. BRELA, wakala wa kusajili biashara, ina majina ya biashara. Basi kwa nini mteja wa Singida ndiye pekee asiyejua anamlipa nani? Ningekuwa na kauli, ningedai vitu vitatu kwa kila anayeuza mtandaoni: jina lililosajiliwa, bei hadharani, na Lipa Namba ya biashara badala ya namba ya mtu. Na kwa mzigo unaokwenda mkoani, kampuni ya usafirishaji ishike pesa hadi mnunuzi afungue boksi. Wapo wanaofanya "lipa ukipokea" ndani ya Dar, kwa bodaboda, na biashara haijafa.

Nilimweleza haya binamu yangu anayeuza mikoba Instagram kutoka chumbani kwake Mbagala. Akanisikiliza, kisha akasema: "Kaka, Lipa Namba sawa, nitachukua. Lakini mimi ni mwanamke naishi peke yangu. Niweke anwani ya nyumbani watu wote waione?" Hoja hiyo ni nzito, na hata Ujerumani wenye biashara ndogo wanailalamikia, baadhi wanakodi anwani ili wasiandike ya nyumbani. Sheria ikija, inabidi imruhusu binamu atumie anwani ya wakala aliyesajiliwa. Kuhusu bei hadharani alicheka tu. Alisema akiiandika leo asubuhi, kufikia adhuhuri mwenye ukurasa wa jirani atakuwa ameshusha elfu mbili kwa mkoba ule ule, picha zikiwa zile zile alizopiga yeye.