Kabla ya kukopea fremu Tanga

Kuna makala ambayo mwandishi wake anatushauri tukope benki tununue majengo ya biashara (fremu za maduka) Tanga sasa hivi, kwa kuwa bandari imeboreshwa na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga. Sawa, mji umeamka. Ila bomba huajiri wengi wakati wa ujenzi. Likishakamilika wanabaki wachache. Mkopo wa miaka 10 utalipwa na mpangaji gani?

Halafu hati. Nyumba nyingi za zamani, hasa mtaa wa Ngamiani, ni za urithi. Hati ikiwa bado kwa jina la marehemu babu, benki haikusikilizi mpaka mirathi iishe. Angalia pia miaka iliyobaki kwenye hati, na kama matumizi yaliyoandikwa ni makazi au biashara.

Wapangaji wa fremu hulipa miezi sita kwa mkupuo, benki inataka rejesho kila mwezi. Zile hela zikiingia kwenye harusi (tunajuana), dalali huyo mlangoni.

Mwaka 2024 Tanga Uwasa, mamlaka ya maji ya Tanga, walitoa hatifungani ya kijani (unawakopesha kwa mradi unaojali mazingira, wanakulipa riba) ya Sh53.12 bilioni kwa riba ya 13.5% kwa mwaka. Mwenye akiba apige hesabu: fremu, ukitoa kodi ya zuio (inayokatwa kwenye pango) na ukarabati wa kutu ya chumvi, itaizidi hiyo?