Kadi ya pointi ikikataliwa, usikimbilie kujaza fomu nyingine

Umeomba kadi ya pointi, yaani kadi ya mkopo inayokurudishia pointi kila unaponunua. Ujumbe wa benki huwa mfupi: ombi lako la kadi ya mkopo halikufanikiwa. Kwa nini, hausemi. Hapo wengi wa Malindi hufanya moja kati ya mawili: huvuka barabara wakajaze fomu ya benki ya pili, au hungoja wiki mbili waombe tena palepale. Yote mawili ni hasara. Kila ombi huacha alama kwenye taarifa yako ya mikopo, na afisa akiona benki tatu zimekuchungulia ndani ya mwezi mmoja, atasema huyu anahangaika. Faili iliyokataliwa tayari iko mezani. Kinachotakiwa ni kujibu ile sababu moja iliyoiangusha, kwa karatasi, si kwa kubembeleza.

Sababu yenyewe idai kwa maandishi. Usiridhike na "mtambo umekataa." Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinahusu jambo hilohilo: uamuzi mzito ukifanywa na mtambo peke yake, unapaswa kujulishwa, na una haki ya kuomba uangaliwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mtambo tu. Afisa wa tawi huenda hajawahi kukisikia kifungu hicho, kwa hiyo kitaje kwa adabu na ukiandike kwenye barua. Ushauri mwingi ulioko mtandaoni ni wa Marekani, ambako benki zina laini ya simu ya kuomba kufikiriwa upya na sheria inazitaka zitoe uamuzi ndani ya siku 30. Ukiutafuta mlango huo huku utazungushwa bure. Huku ni barua, na mara nyingi anayeamua yuko makao makuu Nairobi. Tawi hupeleka faili tu.

Kisha ujitazame CRB, yaani kampuni zinazotunza taarifa za mikopo ya watu. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Chukua taarifa za zote, kwa sababu hujui benki ilisoma ipi. Metropol inapatikana kwa *433# kwenye simu, na alama zake za kupima ukopaji huanzia 200 hadi 900. Ukiwa chini ya 400, kuna deni lililolala. Mara nyingi ni deni dogo la simu. M-Shwari, KCB M-Pesa na Fuliza ni pesa za benki na zinaripotiwa kama mkopo mwingine wowote. Laini imeanguka baharini, mtu kanunua mpya, deni la Sh 1,800 limebaki kwenye namba ya zamani, na siku 90 zikipita linahesabika kuwa limeshindikana. Lilipe, halafu umdai mkopeshaji barua ya kuthibitisha limekwisha. Kulipa hakufuti historia, kunabadilisha hali ya deni kuwa limelipwa, na hiyo ndiyo tofauti afisa anayoitafuta. Anayekuambia atakutoa CRB kwa elfu tano anakula pesa yako.

Lakini Pwani wengi hawaangushwi na CRB. Wanaangushwa na msimu.

Mtu wa Nairobi akifungua taarifa ya benki ya Januari hadi Juni ya mwenye nyumba ya wageni Shela, au ya mwenye boti ya kupeleka watalii Marine Park ya Malindi, anaona pesa nzuri hadi Machi, Aprili imepungua, Mei karibu sufuri. Kwake huyo ni mtu aliyefilisika. Hajui kwamba masika ikiingia na kusi ikivuma hoteli nyingine hufunga kabisa, na kwamba Julai mambo huanza kurudi. Mpe miezi 12, si 6, na uiweke juu karatasi moja yenye safu tatu: mwezi, zilizoingia, zilizotoka. Tuseme kwa mwaka zimeingia Sh 960,000. Hiyo ni wastani wa 80,000 kwa mwezi, hata kama miezi mitatu ya mwisho inaonyesha 30,000 tu. Hesabu hiyo ifanye wewe. Usitegemee kuna atakayekufanyia.

Pesa isiyopita benki benki haiioni. Wenye maduka na wauza samaki wengi hupokea kwa Lipa na M-Pesa, wakalipa bidhaa kutoka hukohuko. Taarifa ya M-Pesa hutolewa kwa *334# na kutumwa kwa baruapepe, iambatishe. Na kuanzia leo hamisha mauzo kwenda benki kila wiki, siku ileile.

Mfanyakazi wa hoteli ana shida yake. Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na benki hupima hapohapo. Kwenye 45,000, lazima ubaki na 15,000 baada ya kodi, NSSF, SHA, tozo ya nyumba na mkopo wa sacco. Kama sacco imeshakula nafasi yote, barua haitakusaidia. Punguza deni kwanza. Kama tatizo ni mkataba wa miezi sita, leta barua ya mwajiri inayosema umeongezwa mara ngapi na tangu mwaka gani.

Halafu kuna vijambo vinavyoudhi. Benki inataka bili ya stima kuthibitisha unakokaa, na wewe unanunua tokeni. Au nyumba ya Mji wa Kale wa Lamu bado iko kwa jina la babu na urithi haujagawanywa. Tumia bili ya maji ya LAWASCO au MAWASCO, mkataba wa kupanga, au barua ya chifu. Uliza benki inakubali ipi. Majina nayo: kitambulisho kinasema Mohamed Said Mohamed, cheti cha PIN ya KRA kinasema Muhammad Said. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili inamaliza mambo.

Barua yenyewe isizidi ukurasa. Mfano: "Ombi namba fulani la tarehe fulani lilikataliwa kwa sababu ya mapato. Niliwasilisha taarifa ya miezi 6 ya msimu mdogo. Naambatisha ya miezi 12. Naomba lipitiwe upya na afisa, kwa kiwango cha mkopo cha Sh 60,000 badala ya 200,000. Kama kadi ya pointi haiwezekani, naomba ya kawaida." Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye nguvu. Kadi za pointi huwa na kima cha mapato, na huenda umekosa kwa kima hicho tu. Unaweza pia kutoa amana ya muda iwe dhamana. Kiswahili ni lugha rasmi na unaweza kuandika kwacho, ingawa kitengo cha kadi husoma Kiingereza haraka zaidi. Nakala yako igongwe muhuri wa tawi.

Usiing'ang'anie pointi kupita kiasi. Kadi ikirudisha asilimia 1, matumizi ya Sh 40,000 yanakupa 400. Ukibakiza deni la 20,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, umelipa 600. Na Lamu maduka mengi ni M-Pesa, kwa hiyo kadi itafanya kazi zaidi kwenye tiketi za ndege na manunuzi ya mtandaoni.

Wiki mbili zikipita kimya, iandikie idara ya malalamiko ya benki, kisha Benki Kuu. Kama suala ni uamuzi wa mtambo, Kamishna wa Data. Wakikataa tena kwa sababu ileile, kaa miezi sita ukiirekebisha, uombe baada ya Desemba na Januari nzuri kuingia kwenye taarifa.