Ngalawa Mgongoni mwa Afande

Ngalawa niliyoichora kwa wiki sita niliikuta mgongoni mwa askari wa trafiki, kwenye mataa ya Wandegeya, Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Tanga limejaa, ami yangu kakaa tezi, nyuma ya chombo, kashika usukani, na chini yao mkanda mweusi wa afande umekuwa kama mwamba wanaouendea. Kazi zangu zimewahi kutundikwa mahali pabaya, hata msalani, lakini si pa hatari kama pale.

Bora nieleze mwenyewe ilivyokuwa, maana wenzangu wa Kikoni, mtaa ninaokaa, wanaisimulia kwa kuitia chumvi, na haihitaji.

Mimi ni Mpemba, wa Mkoani. Nilikuja Makerere kusoma uchoraji kwa kufuata nyayo za wakubwa. Sam Ntiro na Elimo Njau, watu wa Kilimanjaro wote wawili, walipita hapo hapo, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Ntiro alichora vijiji na migomba ya kwao, na migomba Uganda imejaa tele, kwa hiyo hakuwa na shida. Mimi nilikuja na bahari kichwani katika nchi isiyo na pwani.

Tatizo langu ni macho. Akinipita mtu wa baiskeli kabeba mikungu ya matoke hadi magurudumu hayaonekani, mimi naona jahazi lililolemewa na shehena. Turubai za buluu juu ya vibanda vya sokoni, upepo ukizipandisha na kuzishusha, ni bahari ya kaskazi saa nne asubuhi. Kalooli, wale korongo wakubwa wa Kampala, wakisimama jalalani na vipara vyao, mabega wameyapandisha kama wazee wanaosubiri pensheni, nakumbuka baraza yetu pale bandarini na nani alikuwa akikaa wapi. Kalerwe kuna mama anauza mukene kwenye beseni. Siku moja niliinama nikawaangalia wale dagaa kwa muda, ule ubavu wa fedha ambao ukiugeuza kidogo unatoa zambarau, na karibu na jicho kuna nukta ya kijani ambayo sijaipata bado kwa rangi yoyote. Mama akasubiri, akasubiri. Mwishowe akasema, "Ssebo, unanunua au unawasomea dua?"

Na kahawa! Mara ya kwanza kuiona imeanikwa kando ya barabara ya Masaka nilimpigia dereva kelele asimame. Abiria wote wakadhani nimeshikwa na tumbo. Kumbe nimeona karafuu. Kwetu zikichumwa huanikwa juu ya majamvi, na unazinusa kabla hujaziona. Siku ya kwanza zina kijani chenye wekundu kwa mbali, siku ya nne ya tano zimekuwa rangi ya kiatu kizuri cha ngozi, na mtoto ukipita juu ya jamvi unachapwa. Nilishuka nikainusa kahawa ya watu. Haikunukia kitu. Nikarudi kwenye gari na vumbi puani, hakuna aliyeniuliza.

Upepo nao nilidhani naujua. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na toka hapo karafuu ikawa yetu. Ami huisimulia habari hiyo kana kwamba alikuwapo, na kana kwamba alisaidia.

Ami ndiye aliyenifundisha chombo. Ngalawa yake ilikuwa na tanga la merikani lenye viraka saba, kila kiraka na weupe wake. Sharti lake lilikuwa moja tu, nalo ni la demani, ile kamba inayolishika tanga. Ukiivuta, tanga linajaa. Ukiilegeza, linapumua. "Demani inashikwa," alikuwa akisema, "haifungwi mkononi. Upepo ukija wa ghafla uiachie." Nilikuwa na miaka 11, tunarudi kutoka kisiwa cha Misali, kamba ikanichoma viganja. Nikamwangalia ami, anatazama mbele. Nikaizungusha mkononi mara mbili. Upepo wa ghafla ukaja. Nilipaa kama tiara, nikatua majini upande wa pili wa ngalawa nikiwa bado nimefungwa, na ami akanivuta kwa kamba ile ile kama mtu anayevuta mshipi. Aliniangalia tu, akaendelea kutema tambuu.

Basi safari hiyo ndiyo niliyoichora. Mita 2 kwa mita 1.5. Bahari niliipaka nyembamba, lakini ngalawa, ami na tanga niliwapaka kwa kisu, nene kama siagi, maana vile viraka saba nilitaka vishikike. Rangi ya mafuta haikauki kama kanga kambani. Haina maji ya kuchukuliwa na jua. Ina mafuta ya kitani, na hayo hukauka kwa kuvuta hewa na kugandamana polepole. Nyembamba utaingoja siku kadhaa, nene utaingoja wiki na zaidi. Mimi nilimaliza kupaka Alhamisi usiku. Maonyesho ni Jumamosi, Kamwokya, na picha zilitakiwa kufika Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Pikapu akaniambia shilingi 50,000. Boda akaniambia 7,000.

Msinicheke. Kampala boda hubeba kila kitu. Nimeona kitanda, nimeona mlango wa chuma, nimeona mbuzi wawili wamekaa kwa adabu kuliko abiria. Kijana akaitazama picha, akasema hakuna shida, niishike wima upande wa kulia. Uso wa picha nikauelekeza nje, usije ukanichafulia shati. Shati langu! Nyuma ya fremu nilifunga kamba ya katani ya kushikia. Kamba ikawa inaniponyoka. Nikaizungusha mkononi, mara mbili.

Kutoka Kikoni tulikwenda vizuri. Watoto walitupungia. Mchoma kuku mmoja akauliza bei ya mashua. Lakini tulipokaribia mataa ya Wandegeya, mbingu upande wa ziwa ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Mvua ya Kampala hutanguliza upepo kama mfalme anavyotanguliza ngoma. Kwanza vumbi, halafu mifuko ya plastiki, halafu kofia ya mtu. Halafu upepo wenyewe ukaingia kutoka kushoto na kulijaza turubai langu lote, mita 2 kwa mita 1.5, na ile pikipiki ikang'oa nanga.

Sina neno jingine. Gurudumu la nyuma likawa jepesi. Tukaanza kwenda kulia bila kijana kukata kulia. Na pale kulia, katikati ya makutano, mikono imenyooka, sare nyeupe kama tanga jipya, alisimama afande.

"Linda!" kijana akapiga kelele. "Ssebo, linda!"

Kwa Kiluganda, linda ni ngoja. Kwa Kiswahili, linda ni linda. Nikailinda picha. Nikaikumbatia kwa nguvu zangu zote, na tanga likazidi kujaa. Mkono wa kulia siwezi kuuachia, umefungwa. Hapo Kampala ikanitoka kichwani kabisa, nikawa niko mkondo wa Misali na nahodha hajui kazi.

"Legeza!" nikasema. "Mpe upepo mgongo!"

Afande akapiga filimbi, akainua kiganja. "Simama!"

"Bisha!" nikamfokea kijana. "Bisha, bwana! Bisha!"

Wenye vyombo watanielewa. Kubisha ni kukigeuza chombo upande wa pili ili kiupande upepo, na ndiyo amri sahihi kabisa kwa hali ile. Lakini kwa watu wengine wote, kubisha ni kukataa unaloambiwa. Kijana hakuelewa hata maana moja, akashika breki zote mbili. Pikipiki ikasimama. Picha haikusimama. Ilizunguka kama foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyopita juu ya vichwa, nami nikiwa ncha ya kamba, na afande, mtu mwenye akili zake, akageuka akimbie.

Ikampata mgongoni. Sauti yake ilikuwa kama chapati inapotua kwenye kikaango.

Kisha kimya. Fremu ikaachana naye taratibu, kwa kunyonya kidogo, na ndipo nilipoiona ngalawa. Ninajua nilipaswa kuomba msamaha, lakini mchoraji ni mchoraji, nikaitazama. Chapa ilitoka safi, viraka vyote saba. Ila chapa huja kinyume. Kwenye picha tulikuwa tunarudi nyumbani. Mgongoni mwa afande tulikuwa tunaondoka.

"Wewe!" Akanigeukia. "Mimi nasema simama, wewe nasema bisha?"

"Afande, bisha si kubisha."

"Ati?"

"Ni bisha ya chomboni."

"Chombo gani? Hii iko pikipiki!"

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Uganda, Kiswahili kilikaa kambini tangu enzi za King's African Rifles, jeshi na polisi wakarithishana. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima mashuleni, lakini watu wengi wakikisikia barabarani bado hutafuta kwanza kwa macho nani kashika bunduki. Waliotuzunguka walipotusikia tunajibizana Kiswahili walirudi nyuma hatua tatu, wakidhani mimi pia ni askari, wa nguo za raia. Mmoja akaniamkia kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nakosa kwa lugha na kuheshimiwa kwa lugha hiyo hiyo, na hakuna aliyekuja kunitetea.

"Nani natuma wewe kuambia watu wabishe na polisi?"

Nikaeleza. Nikaeleza tanga, nikaeleza demani, nikaeleza kaskazi na kusi. Kila nilipoeleza zaidi nilionekana mhalifu zaidi. Afande kwa wakati huo alikuwa hajajua ukubwa wa jambo. Alihisi ubaridi, akajipapasa, akatoka na kidole cha buluu. Akageuza shingo, hakuona. Akazunguka kushoto, mgongo nao ukazunguka. Dada mmoja muuza vocha, aliyekuwa akijiuma midomo muda wote, akampiga picha kwa simu na kumwonyesha.

Akaishika ile simu. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hii meli?"

"Ngalawa, afande."

"Na hii mtu?"

"Huyo ni ami yangu. Ndugu wa baba."

Akanirudishia macho.

"Mwambie ashuke."

Dada wa vocha akaanguka chini kwa kicheko, na mvua ikaanguka naye.

Tulikimbilia kibarazani, mimi, kijana wa boda, afande, na ngalawa mbili, moja ya kuume na moja ya kushoto. Afande alitaka kuosha shati kwa maji. Nikamzuia, maana ukitia maji kwenye rangi ya mafuta unaikosea heshima tu, haikusikii. Nikanunua mafuta ya taa, nikaomba kitambaa, na kwa nusu saa nikamsugua askari wa serikali mgongoni, yeye kageukia ukuta kama mgonjwa anayechomwa sindano. Tanga lilitoka. Usukani ulitoka. Ami hakutoka. Alipungua akawa kivuli cha buluu karibu na bega, lakini ukimjua utamwona.

Afande hakunipeleka popote. Alisema akiandika ripoti itabidi aeleze, na kueleza ndiko alikokuwa hakutaki. Alitaka hela ya dobi tu, akaondoka kwenye manyunyu akinuka kama kibatari. Mafuta ya taa 3,000. Dobi 15,000. Boda 7,000. Na kijana akadai 25,000 za jioni yake yote iliyopotea na kofia yake iliyoingia buluu. Jumlisha mwenyewe, halafu rudi juu uangalie bei ya pikapu.

Picha ilifika Kamwokya saa kumi na mbili kasoro, wakaipokea kwa kunionea huruma. Bahari ilikuwa nzima. Katikati palibaki umbo la ngalawa lililoparurika, nyeupe-nyeupe, kama mahali kitu kilipokuwa kimewekwa kikaondolewa. Jumamosi mzee mmoja alisimama mbele yake, miwani mkononi, akaniuliza chombo kiko wapi.

"Kiko kazini," nikamwambia. "Wandegeya."

Usiku nikampigia ami. Nilimweleza yote, picha, upepo, afande, mafuta ya taa. Ami hakucheka popote. Hakuuliza afande alisemaje, wala picha imekuwaje. Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.

"Ile kamba," akasema. "Ulijifunga mkononi?"

"Nilijifunga, ami."

Nikasikia simu ikishushwa, kiti kikikwaruza sakafu, na sauti yake ikiitangazia baraza nzima ya Mkoani:

"Kajifunga tena!"